Pugu Inavyohamia Jangwani

Anayetoka Soko la Kariakoo akaufuata Mtaa wa Msimbazi hadi Faya, kisha akaishika Barabara ya Morogoro kuelekea Magomeni, huteremka bila kuambiwa. Aliye ndani ya basi la mwendokasi anaweza asitambue. Msukuma mkokoteni anatambua, kwa sababu hapo mzigo wa Kariakoo unahitaji kuzuiwa, si kusukumwa. Barabara inatulia kwenye tambarare, inavuka mto, halafu inaanza kupanda tena kuelekea Mapipa. Teremko hilo, tambarare hiyo na mwinuko huo ndiyo sura ya bonde la Mto Msimbazi, na tambarare yenyewe ndiyo Jangwani.

Jiji limeliingiza bonde hili katika majina yake. Simba ni Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni Watoto wa Jangwani, na Uwanja wa Kaunda wa Yanga umegeuka ziwa mara nyingi wakati wa masika. Mvua kubwa ikinyesha usiku, swali la kwanza la asubuhi kwa mtu wa Kimara au Mbezi anayefanya kazi mjini huwa moja: Jangwani kunapitika?

Nilishuka bondeni wakati wa kiangazi, mto ukiwa na maji haba, kwa sababu wakati huo ndipo kingo zake zinasomeka. Ukingo mmoja uliomegwa na mafuriko ya nyuma ulikuwa umesimama wima, umejaa matabaka. Chini kabisa palikuwa na mchanga mnene wenye rangi ya kutu. Juu yake ulipita utepe mwembamba wa tope jeusi lililokauka na kupasuka. Kisha mchanga tena, safari hii laini zaidi. Kisha tabaka lenye kandambili, vifuniko vya chupa na mifuko ya plastiki iliyokunjamana. Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo Juni 1, 2019, kwa hiyo mtu angeweza kushawishika kusema kwamba tabaka lile ni la kabla ya hapo. Lakini mto huibua taka za zamani na kuzilaza upya mahali pengine, na kalenda ya namna hiyo haitegemeki sana. La uhakika ni hili: kila tabaka lilikuwa gharika moja au sehemu ya gharika, na mchanga mnene ulitua maji yakiwa na kasi, tope likatua maji yalipochoka.

Kijana aliyekuwa akikusanya mchanga kwa chepe aliniona ninavyouchungulia ukingo ule.

“Kaka, umepoteza kitu?”

Nikamwambia natafuta mchanga huu unatoka wapi. Akanyoosha chepe upande wa machweo. “Unashuka toka juu huko. Sisi tunatoa, mto unaleta tena.”

Juu huko ni Pugu.

Njia ya kufika hufuata Barabara ya Nyerere: Tazara, Uwanja wa Ndege, Gongo la Mboto, Pugu Kajiungeni. Kutoka hapo barabara ya Kisarawe inaingia vilimani na dereva wa daladala anashusha gia. Vilima vya Pugu si milima ya kutisha. Sehemu zake za juu zinazidi mita 200 kutoka usawa wa bahari. Wengi wanavifahamu kwa sababu ya Shule ya Pugu, ambako Julius Nyerere alifundisha kabla ya kujiuzulu mwaka 1955 ili ashike siasa, au kwa sababu ya misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Kwa jiji la Dar es Salaam, hata hivyo, jambo kubwa kuhusu vilima hivi ni kwamba Mto Msimbazi unaanzia humo, na kwamba kutoka chanzo chake hadi baharini, karibu na Daraja la Selander, ni mwendo wa takribani kilomita 35 tu. Mto mfupi kama huo hauna muda wa kutua mzigo wake njiani. Mvua ya mchana Pugu inaweza kuwa gharika ya jioni Jangwani.

Kando ya barabara, pale mlima ulipokatwa, udongo wa juu ni mwekundu. Chini yake rangi inafifia, inakuwa ya waridi, halafu inatokea nyeupe kabisa, laini, inayobaki kwenye vidole ukiigusa. Hiyo ni kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Pugu ina mojawapo ya akiba zake zinazojulikana zaidi Afrika Mashariki, na mahandaki ya zamani ya machimbo yake leo yanatembelewa na watalii wanaokwenda kutazama popo.

Kaolini hiyo ni ushahidi wa kazi ndefu ya maji. Mvua inaposhuka hewani na kupenya kwenye udongo wenye mizizi huchukua kaboni dioksidi na kuwa asidi dhaifu mno, isiyodhuru ngozi wala ulimi. Lakini mwamba haukai siku moja, unakaa mamilioni ya miaka. Asidi hiyo huishambulia feldispa, madini yaliyo mengi zaidi katika miamba kama granaiti, ikaondoa potasiamu na sodiamu yake na kuacha udongo mfinyanzi. Kaolini ni mabaki hayo. Kwatzi, ambayo ni chembe ngumu za kung’aa ndani ya mwamba uleule, haiyeyuki kirahisi. Inabaki peke yake, inalegea, inakuwa mchanga. Ndiyo maana mwamba mmoja unaweza kuzaa vitu viwili tofauti kabisa: udongo unaonata na mchanga unaomwagika.

Tena Pugu yenyewe haikuzaliwa hapo ilipo. Mawe yake ni mchanga ulioshuka na mito ya kale kutoka kwenye miamba ya bara, ukalazwa pwani mamilioni ya miaka iliyopita, ukashikamana, kisha ardhi ikainuka na mvua ikaanza kuushambulia upya. Kwa maneno mengine, vilima hivi viliwahi kuwa mashapo ya tambarare, kama Jangwani ilivyo sasa. Chembe ya kwatzi iliyokwama kwenye soli ya kiatu cha mchuuzi wa Kariakoo huenda imekwisha kuwa sehemu ya mlima zaidi ya mara moja.

Kudhoofika kwa miamba kuna sura nyingi katika nchi hii, na si lazima mtu awe mwanajiolojia kuziona. Mwanza, mawe makubwa ya granaiti yaliyopandana ufukweni mwa Ziwa Victoria, likiwamo lile maarufu la Bismarck, hayakubebwa na mtu wala jitu. Yalikuwa mwamba mmoja chini ya ardhi. Maji yakapenya kwenye nyufa zake, yakaula kutoka pembeni hadi pembe zikawa mviringo, kisha udongo uliolegea ukachukuliwa na mvua, mawe magumu yakabaki wazi. Kilimanjaro inaonyesha jambo lingine. Kibo, yenye mita 5,895, bado ina umbo la volkano. Mawenzi, mita 5,149, imebaki minara na magenge yaliyochongoka, kwa sababu volkano yake ilizimika mapema zaidi na mmomonyoko umeifanyia kazi muda mrefu bila lava mpya ya kuziba makovu. Huko juu maji huingia kwenye ufa mchana, yakaganda usiku, yakatanuka na kuupasua mwamba.

Kuna pia Mlima Hanang. Asubuhi ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo wenye zaidi ya mita 3,400 iliporomoka na mto wa tope, mawe na magogo ukauvamia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Idadi rasmi ya waliofariki ilifika 89. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi hadi ikashindwa kujishikilia. Miamba ile ilikuwa imedhoofika polepole kwa karne na karne. Kuporomoka kulichukua muda mfupi. Mimi naona tofauti hiyo ya muda ndiyo inayotufanya tusahau: tunauzoea mlima kwa sababu maisha yetu ni mafupi, tunashtuka siku unaposogea.

Pugu haiporomoki kwa namna ya Hanang. Inaondoka chembe kwa chembe. Tone la mvua likigonga ardhi tupu hurusha chembe za udongo pembeni. Kwenye mteremko, nyingi huangukia chini kidogo ya zilipokuwa. Maji yanakusanyika, yanachora vijifereji, vijifereji vinaungana kuwa makorongo. Palipo na msitu tone hilo hugonga jani kwanza, kisha takataka za majani, kisha mizizi inayofungua njia ya maji kwenda chini badala ya kwenda mtoni. Nilipita mahali ambapo upande mmoja wa njia ulikuwa na miti na upande wa pili ulikuwa umefyekwa kwa ajili ya viwanja. Upande wa miti udongo ulikuwa mweusi na wenye kunyonya. Upande wa viwanja palikuwa na korongo lenye kina cha kiuno, na nguzo ya mpaka wa kiwanja ilikuwa inaning’inia, mizizi yake ya zege ikiwa nje.

Hapo ndipo historia ya jiji inapoingia. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu chini ya laki nne. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Watu hao wanastahili nyumba, na nyumba zimepanda mabonde yote ya Msimbazi na vijito vyake: Ukonga, Kinyerezi, Segerea, Tabata, Vingunguti, Kigogo. Kila bati, kila ua wa saruji na kila barabara ya lami huyanyima maji nafasi ya kuzama. Yanakimbilia mtaroni, mtaro unakimbilia mtoni, na mto unapata maji mengi kwa muda mfupi. Maji ya kasi ni hatari kuliko wingi wake unavyodhihirisha. Kwa kanuni ya zamani ya wataalamu wa mito, mwendo wa maji ukiongezeka maradufu, uzito wa jiwe ambalo yanaweza kulisogeza huongezeka hadi mara 64. Kingo zinamegwa, nyumba za pembeni zinaning’inia, na udongo wa vyumba vya watu unaungana na udongo wa Pugu katika safari moja.

Uchimbaji wa mchanga huko juu unaongeza kasi ya jambo hili. Mchanga unahitajika, hakuna ghorofa la Kariakoo lililojengwa bila mchanga. Lakini ukichimbwa kwenye ukingo au kwenye mteremko unaacha shimo lenye kuta tupu, na masika yanayofuata yanazibomoa kuta hizo. Mwenye lori anachukua tripu zake, mto unachukua zaidi.

Kuhifadhi mteremko si suala la miti na mawe pekee; ni suala la watu wanaoishi juu yake. Uluguru inafundisha hilo vizuri. Milima hiyo ndiyo inayoulisha Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inakunywa maji yake. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ngumu, udongo wa rutuba mara nyingine ulifukiwa chini ya udongo usiozaa, na hakuna aliyewauliza wakulima. Julai 1955 walikataa, ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Huko Mbinga, kwa upande mwingine, Wamatengo wamelima kwa ngoro tangu zamani: mashimo yaliyopangwa mlimani, majani yamefukiwa kwenye kingo zake, kila shimo likikamata maji na udongo wake. Mbinu hiyo imedumu kwa sababu inamlisha anayeichimba.

Turudi kwenye maji. Mto unaoshuka kutoka Pugu ukiwa na mzigo hauna budi kuutua pale kasi inapokatika, na kasi inakatika Jangwani. Bonde hapo ni pana, mteremko umekwisha, na bahari iko jirani kiasi kwamba maji kujaa hupunguza mwendo wa mto. Changarawe hutua kwanza, mchanga unafuata, tope linabaki mwisho. Mto ukizidi kina chake unafurika pembeni, na kila mafuriko yanaongeza tabaka kwenye tambarare.

Bonde lenyewe lilichongwa wakati bahari ilipokuwa chini sana. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu nyingi ilipokuwa imejilimbikiza kwenye nchi za baridi, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa takribani mita 120. Mito ya pwani yetu ilichimba chini kuufuata. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, ikaingia mabondeni. Bandari ya Dar es Salaam ni bonde la namna hiyo lililozama, na ndiyo maana meli zinaingia hadi ndani ya mji. Bonde la Msimbazi lilipata mchanga na tope la kutosha kujazwa. Jangwani kwa hiyo ni ardhi changa, iliyoletwa na mafuriko, na haijakamilika.

Wapangaji wa mji walilijua hilo. Mpango Kabambe wa mwaka 1979 uliyaweka mabonde ya mito kwenye maeneo ya hatari yasiyofaa kujengwa. Umaskini na bei ya viwanja vilisema vingine, na wakazi wa mabondeni wakaongezeka mwaka hadi mwaka. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo jiji halikuwa limeiona tangu uhuru. Watu zaidi ya 40 walikufa, na maelfu ya waathirika walihamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 nyumba bondeni zilibomolewa. Karakana ya mabasi ya mwendokasi, huduma iliyoanza Mei 2016, iliwekwa palepale kwenye tambarare ya mafuriko, na imefurika zaidi ya mara moja. Baada ya kila gharika yalikuja matingatinga, mto ukachimbwa, tope likarundikwa kando. Masika yaliyofuata nafasi chini ya daraja ilipungua tena.

Mzigo mwepesi zaidi hauishii hapo. Tope lililobaki linaelea hadi Selander, ambako mto unakutana na maji ya chumvi. Chumvi huzifanya chembe za udongo mfinyanzi zishikane na kuzama, na mizizi ya mikoko inazikamata. Kutoka Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, mtu huona mpaka kati ya maji ya kahawia na ya buluu mvua inapokuwa imenyesha.

Bahari nayo inahitaji sehemu ya mchanga huo. Kaskazini, kule Kunduchi, fukwe zilikuwa zikilishwa na mito midogo kama Tegeta na Mbezi. Mchanga ulipochimbwa kwa wingi katika mito hiyo kwa ajili ya ujenzi, ufukwe ulikosa nyongeza wakati mawimbi yaliendelea kuchukua. Hoteli ya Africana iliachwa baada ya bahari kuula ufukwe wake. Jina limebaki kwenye kituo cha basi. Jangwani inazidiwa na mchanga, Kunduchi iliumia kwa kuukosa, na umbali kati yao ni mwendo wa daladala moja au mbili.

Hatua kubwa sasa imeanza. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi, unaosimamiwa na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Familia nyingi zimelipwa fidia na kuondoka, nyumba zimebomolewa, mradi una daraja jipya na refu zaidi la Jangwani, na bustani ya jiji imechorwa mahali palipokuwa na vibanda. Mpango ulioutangulia, ulioandaliwa mwaka 2018 kwa kuwakutanisha wakazi, wahandisi na maofisa wa serikali, ulitazama mto mzima, pamoja na miteremko ya juu.

Sehemu hiyo ya miteremko ndiyo ninayoihofia zaidi kusahaulika, kwa sababu haina daraja la kuzindua. Daraja refu litawapitisha watu juu ya maji, na hilo ni jema. Halitapunguza hata ndoo moja ya mchanga unaoshuka. Ukichimba Jangwani huku Pugu ikiwa tupu, umekubali kuuhamisha mlima kwa malori kila mwaka, kwa fedha ya umma. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ulindwe kwa askari na kwa bajeti, si kwa mabango. Vibali vya kuchimba mchanga vielekezwe kule mto unakoulaza, viondolewe kwenye miteremko na kingo za juu. Na wewe uliyenunua kiwanja Kinyerezi, Majohe au Kisarawe, kabla hujaita tingatinga lisafishe kiwanja chote kwa siku moja, acha miti ya mpakani, panda majani kwenye mteremko, na chimba shimo la kupokea maji ya bati lako. Udongo ukishatoka kwenye kiwanja chako hautarudi, na aliye Jangwani ndiye atakayeupokea mlangoni kwake.